Mota ya Meza ya Mkasi Hupigiwa Hesabu Meza Ikiwa Imelala

Karakana za samani, gereji na maghala madogo ya kwetu yameanza kujitengenezea meza za mkasi za kuinulia mizigo. Umbo lake linajulikana: fremu chini, jukwaa juu, na kati yake mikono ya chuma iliyopishana na kufungwa pini katikati. Mota inazungusha skrubu, skrubu inavuta ncha za chini za mikono, mikono inasimama, na jukwaa linapanda na mzigo wake. Kifaa hiki kinaokoa migongo ya vijana wengi, na hakuna kipande chake ambacho fundi wa Gerezani, Kamukunji au Katwe atashindwa kukikata na kukichomelea. Mambo huharibika kwenye hesabu ya mota. Hapo zipo kauli ambazo fundi humrithisha mwanagenzi wake, na nyingine mwalimu humpa mwanafunzi, na ukizifuata utanunua mota inayonguruma bila kuinua kitu, au utanunua kubwa mno bila kujua ni kitu gani hasa kimekulazimisha kutumia fedha zote hizo.

Nazijibu hapa moja baada ya nyingine, kwa meza moja ile ile tangu mwanzo hadi mwisho ili tarakimu zisitupotoshe. Meza yenyewe inabeba kilo 500, yaani dazeni moja ya mbao za MDF za milimita 18 zenye karibu kilo 40 kila moja, na ziada kidogo. Jukwaa lina kilo 80. Mikono iko minne, miwili kila upande, na jumla yake ni kilo 60. Kila mkono una mita 1.2 kutoka pini hadi pini. Meza ikilala, mikono imeinuka digrii 10 kutoka usawa wa sakafu. Ikifika juu kabisa, digrii 50, na hapo jukwaa limepanda sentimita 71. Ncha moja ya chini imefungwa kwa pini, ya pili ina rola inayotembea juu ya reli, na skrubu imelazwa chini ikiivuta hiyo yenye rola. Mteja anataka safari nzima ichukue sekunde 30.

“Mzigo ni kilo 500, basi tafuta mota ya kuinua kilo 500.”

Kauli hii ina makosa mawili, na dogo lirekebishwe kwanza. Mota haiinui mbao peke yake. Inainua jukwaa zima, na inainua mikono pia, ingawa mikono huhesabiwa nusu, kwa sababu kitovu cha uzito wa kila mkono kiko katikati yake na hupanda nusu tu ya kimo cha jukwaa. Kwa hiyo 500 na 80 na 30 ni kilo 610. Zidisha kwa 9.81, unapata uzito wa newtoni 5,984.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba skrubu inabeba newtoni hizo 5,984. Skrubu haisukumi juu. Inavuta kwa ulalo, na mkasi ndio unaougeuza mvuto huo wa ulalo kuwa mwinuko. Meza ikiwa imelala kwenye digrii 10, rola ikisogea milimita 1 jukwaa hupanda milimita 5.7. Ni kupanda kwa haraka sana, na mkasi hautoi zawadi: kazi inayotoka juu haiwezi kuzidi kazi iliyoingia chini. Ikiwa jukwaa limekwenda mara 5.7 ya mwendo wa rola, basi kani ya skrubu nayo lazima iwe mara 5.7 ya uzito. Hesabu yake ni fupi: gawa uzito kwa tanjenti ya pembe. Tanjenti ya digrii 10 ni 0.176, na 5,984 ukiigawa kwa hiyo unapata karibu newtoni 33,900. Ni kama kuning'iniza tani 3 na nusu kwenye skrubu ile, ilhali juu ya meza kuna nusu tani tu.

Ukiendelea kupanda, kani inaporomoka. Kwenye digrii 20 ni newtoni 16,400. Kwenye digrii 30 ni 10,400. Ukifika digrii 50 imebaki 5,000 tu, chini ya uzito wenyewe. Anayetaka kulihakikisha bila karatasi achukue jeki ya mkasi iliyo kwenye buti la gari, aishushe mpaka ilale kabisa, aweke juu yake jiwe zito na aanze kuzungusha. Mizunguko ya mwanzo ni migumu na jiwe linapanda haraka. Ya mwisho ni laini na jiwe linapanda kwa kusitasita. Jeki ile na meza hii zinafuata kanuni moja.

“Kasi ni kimo gawa kwa muda. Zidisha kwa uzito, una nguvu ya mota.”

Hii ndiyo ninayoipinga kwa juhudi zote, kwa sababu inafanana sana na hesabu sahihi, na wanafunzi wanaipata ikiwa imeandikwa vizuri. Sentimita 71 gawa kwa sekunde 30 ni milimita 23.7 kwa sekunde. Zidisha kwa newtoni 5,984, jibu ni wati 142. Mtu anaiona tarakimu hiyo, anaongeza kidogo kwa ajili ya msuguano, ananunua mota ya nusu hosipawa, yaani wati 370, na anaamini kwamba amejiwekea akiba maradufu.

Mota ya kawaida inazungusha skrubu kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Rola inapaswa kusogea sentimita 41 kwa sekunde 30, ambazo ni milimita 13.7 kila sekunde. Mwendo wa rola haubadiliki, lakini wa jukwaa unabadilika kila sekunde. Likianza kwenye digrii 10, jukwaa linapanda kwa milimita 77.6 kwa sekunde. Kwenye digrii 20 limeshuka hadi 37.6. Ule wastani wa 23.7 unakutana nao mara moja tu, mikono ikipita digrii 30, kisha unaupita na kumalizia safari kwa milimita 11.5. Ukisimama na saa mkononi utaona kwamba nusu ya kwanza ya kimo inakwisha kwa sekunde 9, na nusu ya pili inakula sekunde 21.

Kwa hiyo nguvu inayodaiwa pale chini si wati 142. Ni 5,984 mara 0.0776, karibu wati 464, zaidi ya mara tatu ya wastani. Pale juu ni wati 69 tu. Mota haiishi kwa wastani. Inasimama au inaungua katika sekunde ya kwanza, na sekunde hiyo ndiyo iliyofichwa na wastani.

Hapo bado hatujaigusa skrubu. Chukua skrubu ya meno ya trapeza yenye kipenyo cha milimita 40 na hatua ya milimita 7, nati yake ya shaba, na grisi ya kutosha. Msuguano kati ya chuma na shaba ukiuweka 0.15, ufanisi wa skrubu hiyo unatoka asilimia 28. Nimeona karatasi nyingi za hesabu zinazoiandikia asilimia 90, ambayo ni tarakimu ya skrubu ya mipira, kifaa kingine kabisa. Kwa asilimia 28, wati 464 zinakuwa wati 1,660 kwenye shina la skrubu. Giaboksi nzuri ya meno inapoteza karibu asilimia 10 nyingine, tunafika wati 1,850. Pini, rola na beringi zinadai zao, na kwa karakana zenye vumbi la mbao naziwekea asilimia 15. Jumla ni wati 2,100 na ushei. Saizi ya mota inayouzwa iliyo juu ya hapo ni kilowati 2.2, ambayo mafundi huiita ya hosipawa 3. Kutoka nusu hosipawa hadi tatu, kwa meza ile ile na mzigo ule ule.

Njia ya kani inaleta jibu hilo hilo, na kila anayepiga hesabu hii afike kwa njia zote mbili. Newtoni 33,900 kwenye skrubu hiyo zinahitaji kani ya kuzungusha ya newtoni-mita 135. Ukiongeza asilimia 15 za msuguano, 155. Rola ili iende milimita 13.7 kwa sekunde, skrubu izunguke mara 117 kwa dakika. Mota ya kilowati 2.2 ya mizunguko 1,420 inatoa newtoni-mita 14.8, na giaboksi ya 12 kwa 1 inazifanya 160 baada ya hasara yake. 160 dhidi ya 155: inatosha, kwa ukingo mwembamba.

“Weka giaboksi kubwa, mota ndogo itatosha.”

Nusu ya kauli hii ni kweli na sitaki kuibeza. Giaboksi inaongeza kani ya kuzungusha. Haiongezi nguvu. Inachopata upande mmoja inakitoa kwenye mwendo. Ile mota ya wati 370 itaiinua meza yetu ikiwa na uwiano mkubwa wa gia, ila safari ya sekunde 30 itakuwa karibu dakika 3. Kama mteja anaridhika na dakika 3, mwandikie hivyo kwenye makubaliano na umuuzie meza ya bei nafuu. Kwa karakana inayoinua mbao mara tano kwa siku, mimi mwenyewe ningependekeza hiyo.

Ila angalia ni giaboksi gani. Uwiano mkubwa kwa bei ndogo hupatikana kwenye zile ambazo skrubu fupi huzungusha gurudumu la shaba, na kadiri uwiano wake unavyokuwa mkubwa ndivyo ufanisi wake unavyoshuka. Ufanisi ukiwa asilimia 60 badala ya 90, dakika 3 zinapita 4. Tena kani ya kwenye skrubu, pini na reli haijapungua hata newtoni moja. Mota ndogo haimaanishi vyuma vyembamba. Ile tani 3 na nusu iko pale pale hata kama unazungusha kwa mkono.

“Zidisha kila kitu kwa mbili, umeshajikinga na lolote.”

Kuzidisha kwa mbili ni desturi nzuri kwa mambo usiyoyajua: mbao iliyolowa, grisi iliyokauka, mfanyakazi aliyeongeza ubao wa kumi na tatu. Haifai kuwa kifuniko cha jambo linalojulikana na kupimika kwa rula. Pembe ya meza ikiwa imelala ni jambo la namna hiyo.

Mteja akija karakanani akaomba meza ilale chini zaidi, ili mbao zisukumwe juu yake bila kunyanyuliwa, ombi lake linaonekana dogo. Anataka sentimita 10 tu. Kwenye meza yetu sentimita 10 hizo zinamaanisha mikono ilale digrii 5 badala ya 10. Tanjenti ya digrii 5 ni 0.0875. Kani kwenye skrubu inapanda kutoka newtoni 33,900 hadi 68,400. Sentimita 10 za kimo zimekula ile akiba yote ya mara mbili, na hatujafika kwenye ubao uliolowa. Ukiendelea kushusha hadi digrii 2 au 3, hakuna mota ya karakana itakayoikwamua. Pini zitapinda kabla meza haijaondoka chini.

Hapa ndipo fundi anapopata au kupoteza fedha, kwa hiyo nikae kidogo. Zipo njia nne za kumridhisha mteja bila kununua mota ya kutisha. Ya kwanza ni shimo: chimba sakafu, izamishe fremu, mikono ibaki na digrii 15, jukwaa liwe usawa wa sakafu. Kwenye digrii 15 kani ni newtoni 22,300, theluthi moja chini ya ile ya digrii 10, na saruji ya shimo ni rahisi kuliko mota. Ya pili ni kuhamisha mahali pa kusukumia. Skrubu au silinda ikifungwa kwa mshazari, kutoka kwenye fremu hadi kwenye bapa lililochomelewa juu ya mkono, inapata mwelekeo wa kupandisha tangu mwanzo badala ya kuvuta kwa ulalo mtupu. Michoro mingi ya viwandani inafanya hivyo, na sababu ni hii. Ya tatu ni rola ya kusaidia: kipande chenye mteremko chini ya mikono kinachoinyanyua digrii chache za mwanzo kabla mkasi haujashika kazi yake. Ya nne ni inveta kwenye mota, izungushe skrubu taratibu mwanzoni na kuongeza mwendo meza ikishapanda. Inveta haipunguzi kani. Inapunguza nguvu inayodaiwa pale chini, na kwa kuwa safari ya juu ndiyo ndefu, unaweza kurudisha sekunde ulizopoteza. Lakini mota yenyewe na giaboksi lazima viwe na kani ya kuzungusha ya kutosha, la sivyo inveta itasimamisha kazi kwa heshima tu.

“Ongeza mkasi wa pili juu ya wa kwanza, mzigo haujabadilika, mota haibadiliki.”

Kani inazidishwa kwa idadi ya mikasi. Mikasi miwili kwenye pembe ya digrii 10 na skrubu ile ile ya chini ni newtoni 67,900, na hizo ni kabla ya kuhesabu uzito wa mikono mipya. Kasi ya jukwaa nayo inakuwa mara mbili kwa mwendo ule ule wa skrubu. Anayetaka kimo maradufu kwa mota ile ile akubali muda maradufu, na anunue skrubu, nati na pini za kubeba kani maradufu.

“Haidroliki haina matatizo hayo, oili inasukuma tu.”

Oili inatii umbo la mkasi kama skrubu inavyolitii. Weka silinda mbili za kipenyo cha milimita 50 mahali pa skrubu, zikilala kama ilivyolala. Eneo lake la jumla ni milimita za mraba 3,927. Ili zitoe newtoni 33,900 zinahitaji mgandamizo wa baa 86. Ili rola iende milimita 13.7 kwa sekunde, pampu itoe lita 3.2 kwa dakika. Zidisha baa kwa lita, gawa kwa 600, unapata kilowati 0.46. Ni zile zile wati 464 tulizozipata kwa njia ya skrubu. Umbo la mkasi limedai deni lake bila kujali nani analipa.

Kinachobadilika ni hasara ya njiani, na hapa wapenzi wa haidroliki wana haki. Pampu ya gia yenye afya ina ufanisi wa karibu asilimia 80, ilhali skrubu yetu ina 28. Mota ya kilowati 0.75 itafanya kazi ya ile ya 2.2, hata ukihesabu msuguano wa pini. Kwa meza inayopanda na kushuka siku nzima tofauti hiyo inaonekana kwenye luku. Kushuka pia hakuhitaji mota. Uzito wenyewe unairudisha oili kwenye tangi, na kasi ya kushuka inapangwa na vali ya kubana njia. Gharama yake iko kwingine: vali ya kufunga oili mpira ukipasuka, iliyofungwa kwenye silinda yenyewe na si mwisho wa mpira, oili safi, na sili zinazochoka. Anayefunga silinda za meza bila vali hiyo ameacha kilo 500 zikiegemea mpira.

“Kani ya kuanzisha mwendo ndiyo inayoua mota.”

Wanafunzi hujaza kurasa mbili kwa jambo hili. Jukwaa letu likifikia milimita 77.6 kwa sekunde ndani ya nusu sekunde, mchapuko wake ni mita 0.16 kwa sekunde mraba, asilimia 1.6 ya mvuto wa dunia. Hata likifika ndani ya sekunde 0.2 ni asilimia 4. Kinachoifanya sekunde ya kwanza kuwa ngumu ni umbo la mkasi tulilokwisha kuliona, na msuguano wa vitu vilivyolala: nati iliyokaa juu ya grisi baridi tangu jana hushikilia zaidi kuliko nati inayotembea. Asilimia hizo chache za mchapuko zimo tayari ndani ya ukingo wa msuguano.

“Hosipawa tatu ni hosipawa tatu, popote utakapozichomeka.”

Ni tatu kwa volti zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Kani ya kuzungusha ya mota hizi hufuata mraba wa volti. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, jambo la kawaida jioni katika mitaa yenye transfoma moja na karakana nyingi, umebaki na asilimia 68 ya kani. Ukingo wetu wa 160 dhidi ya 155 umekwisha zamani.

Waya nao unachangia, na huu ni wa kwetu wenyewe, si wa shirika la umeme. Mota ya kilowati 2.2 ya fezi moja inakula karibu ampea 14 ikiwa kazini, na mara tano ya hizo inapoanza. Mtu anaivutia umeme kwa waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, mita 40 kutoka kwenye swichi. Kwenda na kurudi ni mita 80, na ukinzani wake unakaribia omu 1. Mota inapoanza, volti 50 hivi zinapotelea kwenye waya na inabaki na 180. Mraba wa 180 kwa 230 ni 0.61, kwa hiyo karibu asilimia 40 ya kani ya kuanzia imegeuka joto ndani ya waya, sekunde ile ile ambayo mkasi unadai kani kubwa kuliko sekunde zote. Hapo ndipo unaposikia mota ikinguruma bila kuzunguka, na fundi analaumiwa kwa hesabu ambayo ilikuwa sahihi. Waya wa milimita mraba 4 unaipunguza hasara hiyo hadi chini ya nusu yake. Penye fezi tatu, tumia fezi tatu. Mota yake inaanza kwa nguvu zaidi na kila waya unabeba ampea chache.

“Skrubu ya trapeza inajifunga yenyewe, breki ni kupoteza fedha.”

Skrubu yetu inajifunga kwa sababu ile ile inayoifanya itumie umeme mwingi: msuguano wake ni mkubwa kuliko mteremko wa meno yake. Skrubu inayojifunga ina ufanisi chini ya asilimia 50, na anayeikimbia hasara hiyo kwa kununua skrubu ya mipira ananunua pamoja nayo meza inayoshuka yenyewe mota ikizimwa. Huyo breki ni lazima kwake. Lakini hata skrubu ya trapeza, ikitikiswa na mashine ya jirani na ikiwa na oili nyepesi badala ya grisi, huweza kulegea kidogo kidogo. Na kuna hatari nyingine ambayo kujifunga hakuizuii: nati ya shaba inaisha meno. Weka nati ya pili ya chuma nyuma ya ile ya kazi, isiyobeba mzigo, ikiwa na nafasi ya milimita chache kati yake na ya kwanza. Nafasi hiyo ikipungua, ya kwanza inakaribia kukatika meno. Kipimo ni cha dakika moja kwa kipande cha bati. Na anayeingia chini ya jukwaa kupaka grisi aweke kwanza nguzo ya chuma ya kuzuia mikono isifunge, hata kama ni kwa nusu dakika, hata kama skrubu ni mpya.

“Tumeijaribu, inapanda vizuri.”

Tupu? Meza yetu tupu ni kilo 80 za jukwaa na 30 za mikono, jumla 110, chini ya moja ya tano ya kazi yake. Hata mota ya nusu hosipawa ingeipandisha, na mteja angepiga makofi. Wengine huipakia mbao ikiwa tayari imepanda nusu, kwa kuwa hapo ni rahisi kuifikia, kisha wanaipandisha iliyobaki. Kipimo hicho kimeruka sehemu yote ngumu.

Jaribio linalostahili jina hilo linafanywa meza ikiwa imelala kabisa. Ningeweka kilo 625, robo juu ya mzigo ulioandikwa, ziwe mifuko ya saruji ya kilo 50 kumi na miwili na nusu, zikae katikati kisha upande mmoja. Zungushia klampu mita kwenye waya mmoja wa mota. Bonyeza swichi na usome ampea mara mota ikishika mwendo, kabla sekunde ya pili haijaisha, kwa sababu baada ya hapo kila tarakimu inazidi kuwa nzuri. Linganisha na ampea za kwenye kibao. Kwa kilo hizo za ziada zikizidi kidogo inavumilika, maana ni kwa muda mfupi; zikizidi kwa nusu, punguza mwendo kwa gia au inua pembe ya kulalia, kisha rudia. Pima pia volti kwenye vituo vya mota yenyewe wakati huo huo, si kwenye soketi ya ukutani. Baada ya hapo simamisha meza katikati ya safari na mzigo wake wote, weka alama ya chaki kwenye nguzo ya pembeni, na uiache hivyo usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, angalia jukwaa liko wapi na ile chaki.